Nadia, Nadège, Nadine: Safari ya jina la Kirusi hadi mwambao wa Rumonge

Katika shule za Rumonge, Nyanza-Lac na mitaa ya Bujumbura inayozungumza Kiswahili, si ajabu kumsikia mwalimu akiwaita wasichana kwa majina ya Nadia, Nadège, Nadine au Natacha. Majina hayo yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyashangaa. Hata hivyo, yanapotajwa nyumbani mbele ya wazee, maswali huzuka. Je, Nadia ni jina la Kiislamu au la Kikristo? Nadège limetoka wapi? Na je, mtoto wa Kirundi anayaitwa kwa maana gani?

Maswali haya si ya udadisi mtupu. Nchini Burundi, kwa desturi, watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawana lazima ya kuchangia jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, na juu ya hilo huongezwa jina la ubatizo au jina la Kiislamu. Kwa hiyo jina hilo la pili hubeba mzigo mkubwa: hutambulisha imani ya familia, hutofautisha watu wawili wenye jina moja la Kirundi, na huandikwa katika kila karatasi ya maisha, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi karangamuntu. Anayelijua jina vyema hulichagua kwa moyo mkunjufu na huliandika bila kosa.

Msichana wa pili kati ya ndugu watatu

Nadia, Nadège na Nadine, kwa upande wa Ulaya, yote yanatoka katika jina moja la Kirusi: Nadezhda. Neno hilo si jina tupu, ni neno la kawaida katika lugha ya Kirusi, na maana yake ni tumaini. Mrusi anayesema kwamba ana matumaini ya mvua hutumia neno lilo hilo ambalo jirani yake anaitwa kwalo.

Asili yake ni ya kidini. Kwa mapokeo ya Wakristo wa kale, katika karne ya 2, wakati wa Kaisari Hadrian, aliishi Roma mama mjane aliyeitwa Sophia, yaani Hekima. Alikuwa na mabinti watatu waliopewa majina ya fadhila tatu anazozitaja Mtume Paulo: Imani, Tumaini na Upendo. Mapokeo yanasema kwamba mkubwa alikuwa na umri wa miaka 12, wa pili 10, na mdogo 9, na kwamba wote watatu waliuawa kwa kukataa kuikana imani yao.

Kwa Kigiriki mabinti hao waliitwa Pistis, Elpis na Agape. Waslavi walipopokea Ukristo kutoka Bizanti, na hasa baada ya Mwanamfalme Vladimir wa Kiev kubatizwa mwaka 988, majina mengi ya Kigiriki yaliingia katika lugha yao kama yalivyo, yakibadilika matamshi tu. Lakini majina ya ndugu hawa watatu yalitafsiriwa maana yake. Pistis akawa Vera, Elpis akawa Nadezhda, na Agape akawa Lyubov. Jina la mama pekee, Sophia, liliachwa katika Kigiriki chake. Hadi leo Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi huwakumbuka mama na mabinti wake tarehe 30 Septemba, ambayo ni tarehe 17 Septemba katika kalenda ya kale ya kanisa hilo.

Miongoni mwa wanawake mashuhuri wa Urusi waliobeba jina hili ni Nadezhda Durova, aliyezaliwa mwaka 1783, ambaye alivaa nguo za kiume na kupigana katika jeshi la farasi wakati wa vita dhidi ya Napoleon. Mwingine ni Nadezhda Krupskaya, aliyeishi kati ya mwaka 1869 na 1939, mke wa Lenin, ambaye alitumia miaka mingi katika kazi ya elimu na maktaba.

Jina la nyumbani lililogeuka jina kamili

Kama Nadezhda ndilo jina, basi Nadia limetoka wapi? Jibu liko katika desturi ya Warusi ya kuita watu. Mrusi huwa na majina matatu: jina lake mwenyewe, jina linalotokana na la baba yake, na jina la ukoo. Krupskaya aliitwa Nadezhda Konstantinovna, maana yake binti wa Konstantin. Msomaji wa Kiswahili hatapata shida kuelewa jambo hilo, kwani nasi tumezoea kusema Amina binti fulani. Tofauti ni kwamba kwa Warusi neno hilo la ubinti limeunganishwa na jina la baba likawa neno moja.

Jina kamili pamoja na la baba hutumika kwa heshima: mwanafunzi kwa mwalimu wake, au mgonjwa kwa daktari. Lakini nyumbani na kati ya marafiki hutumika kifupisho. Nadezhda huitwa Nadya, na akidekezwa zaidi huitwa Nadenka au Nadyusha. Vivyo hivyo Natalia huitwa Natasha, Tatiana huitwa Tanya, na Sofia huitwa Sonya. Nchini Urusi vifupisho hivi kwa kawaida haviandikwi katika vyeti. Ni majina ya mezani na barazani.

Yalipovuka mipaka ya Urusi, majina haya ya nyumbani yalivaa vazi rasmi. Watu wa nchi nyingine waliyasikia katika riwaya, katika muziki na katika sinema, wakayapenda kwa wepesi wake, wakayaandikisha kama majina kamili. Ndiyo maana mtu anaweza kukutana na Nadia wa Rumonge au wa Uvira ambaye hajawahi kuitwa Nadezhda hata siku moja, wala wazazi wake hawakulijua neno hilo.

Kwa nini yamefika na alama za Kifaransa

Njia ya majina haya hadi Ziwa Tanganyika inaonekana katika tahajia yake. Katika karne ya 19 watu wa tabaka la juu nchini Urusi walizungumza Kifaransa baina yao, na Nadezhda aliyeingia katika karamu zao mara nyingi aliitwa Nadine. Baadaye, hasa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1917, Warusi wengi walikimbilia Ufaransa na kuishi huko kama wahamiaji. Wafaransa waliyazoea majina yao. Mwanamuziki Nadia Boulanger, aliyezaliwa Paris mwaka 1887 na kufundisha watunzi wengi wa karne ya 20, alikuwa na mama Mrusi. Kutoka katika umbo refu la Nadezhda, Wafaransa waliunda pia Nadège, wakalitamka kwa mazoea ya ulimi wao. Jina hilo lilipendwa sana Ufaransa katika miaka ya 1970.

Burundi ilitawaliwa na Wabelgiji hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, na Kifaransa kikabaki lugha ya ofisi na ya shule. Majina ya Kirusi yalifika kwetu yakiwa yamevaa kanzu ya Kifaransa. Herufi mbili tu zinatosha kuthibitisha hilo. Msichana wa Bujumbura huandikwa Natacha, kwa sababu Mfaransa huiandika sauti ya *sh* kwa herufi *ch*. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma au Dar es Salaam, ambako Kiingereza ndicho kilichokuwa mlango, jina hilohilo huandikwa Natasha. Tahajia imehifadhi kumbukumbu ya nani alikuwa mtawala wa nani.

Kulikuwa pia na njia fupi zaidi. Baada ya uhuru, vijana wa Kiafrika, Warundi wakiwamo, walikwenda kusoma katika vyuo vya Muungano wa Kisovyeti. Chuo kikuu kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zinazoendelea kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kwa vijana hao, Nadya na Natasha hawakuwa wahusika wa vitabuni. Walikuwa wanafunzi wenzao.

Kisha likaja tukio lililolipeleka jina hili karibu kila pembe ya dunia. Mwezi Julai 1976, katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, msichana wa Romania mwenye umri wa miaka 14, Nadia Comăneci, alipata alama 10 kamili katika mazoezi ya viungo, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limezoeleka katika Olimpiki. Ubao wa matokeo haukuwa umeundwa kuonyesha alama hiyo, ukaandika 1.00. Nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, hazikushiriki michezo hiyo kwa kupinga uhusiano wa michezo kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hata hivyo jina la msichana huyo lilivuka mipaka yote.

Nadia wa pili, kutoka Kiarabu

Hapa ndipo penye utata unaowagusa moja kwa moja Waislamu wa mwambao wetu. Mbali na Nadia wa Kirusi, yuko Nadia wa Kiarabu, na hawa wawili si ndugu. Wamekutana njiani tu, sauti zao zikafanana.

Katika Kiarabu, Nadia linatokana na mzizi wenye maana ya kuita au kutangaza kwa sauti. Mzungumzaji wa Kiswahili anaujua mzizi huo bila kwenda chuoni: ndio uliotupa kitenzi *kunadi*, mtu anayeitwa *mnadi*, na *mnada* wenyewe. Ndio pia ulio katika Sura ya Maryam, pale Nabii Zakaria anapotajwa kumwita Mola wake kwa wito wa siri. Kuna na neno jingine la karibu, Nadiyya, lenye maana ya kitu kilicholowa umande; na kwa Waarabu, wakazi wa nchi kavu, umande ni ishara ya neema na ukarimu. Wazazi wengi wanaposema kwamba Nadia ni umande au ukarimu, ni huku wanakokusudia.

Kwa hiyo swali la kama Nadia ni jina la Kiislamu lina jibu lililo wazi. Familia iliyolichukua kutoka Kiarabu imechukua jina la Kiarabu lenye maana njema, na mafundisho ya Kiislamu yanamhimiza mzazi kumchagulia mtoto jina la namna hiyo, hasa inapofika siku ya saba na akika. Haina haja ya kuogopa kwamba imemvisha binti yake jina la kanisani. Familia ya Kikristo iliyolichukua kutoka Kifaransa nayo imechukua jina la shahidi wa kale, na haina sababu ya kuambiwa kwamba imeazima jina la msikitini. Majina mawili yanaandikwa kwa herufi zilezile tano, kila moja likiwa na nasaba yake.

Namna ya kuyatofautisha ni kuitazama familia na ndugu wa jina hilo. Nadège na Nadine hayana upande wa Kiarabu. Ni ya Kirusi kupitia Kifaransa. Nadia peke yake ndilo lenye milango miwili. Matamshi nayo hayasaidii sana, kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, *na-DI-a*, wakati Mrusi na Mwarabu wote wawili hukaza mwanzoni.

Mfano wa karibu ni Nadia Murad, Myazidi kutoka Iraq, nchi ambamo jina hilo lilikuwa la kawaida bila kupitia Urusi. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa juhudi za kupinga ubakaji kutumiwa kama silaha ya vita. Aliyeshirikiana naye tuzo hiyo ni daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, jirani yetu wa upande wa pili wa Mto Ruzizi.

Spès, Espérance, Kwizera: tumaini lilikuwapo tayari

Anayedhani kwamba Nadège ni jina geni lisilo na mizizi nchini Burundi atashangaa akiangalia orodha ya majina ya Wakatoliki. Fidès, Spès na Caritas ni majina ya wanawake yaliyozoeleka sana nchini. Hayo ni majina ya wale ndugu watatu wa Roma, safari hii kwa Kilatini. Spès ni Elpis wa Wagiriki na Nadezhda wa Warusi. Basi Spès na Nadège wanaokaa dawati moja wana jina moja: la mmoja lilipitia Vatikani, la mwenzake lilipitia Moscow na Paris. Ongeza hapo Espérance, jina la Kifaransa lenye maana hiyohiyo, linalopatikana kila komini ya Burundi na kote mashariki mwa Kongo.

Zaidi ya hayo, Kirundi chenyewe hakikungoja mgeni kukifundisha kutumaini. Tumaini kwa Kirundi ni *icizigiro*, na kitenzi *kwizera*, chenye maana ya kuamini na kutumaini pamoja, kimezaa majina mengi. Kwizera ni jina la mtu. Nizeyimana ni tamko la anayesema kwamba anamtumaini Mungu. Ndayizeye, jina la Domitien Ndayizeye aliyekuwa rais wa Burundi kati ya mwaka 2003 na 2005, lina maana ya karibu na hiyo. Waswahili nao wana Tumaini na Matumaini.

Mzazi anayetaka majina mawili ya mtoto yaitikiane anaweza basi kumwita Nadège Kwizera, na atakuwa amesema neno moja mara mbili kwa lugha mbili. Anayejua hivyo hulifanya kwa kusudi. Asiyejua hulifanya kwa bahati.

Natacha nalo lina ndugu hapa nyumbani. Ni kifupisho cha Natalia, jina la Kilatini linalohusu siku ya kuzaliwa Bwana, yaani Noeli. Kwa maana, Natacha, Nathalie na Noëlla ni familia moja. Jina hilo lilipata umaarufu mkubwa kupitia Natasha Rostova, msichana wa riwaya ya Lev Tolstoy, *Vita na Amani*, iliyochapishwa katika miaka ya 1860.

Herufi moja, karatasi mbili

Linalobaki ni jambo la kutendwa. Mwambao wa kusini mwa Burundi ni mwambao wa watu waliokwenda na kurudi. Mwaka 1972, na tena baada ya mwezi Oktoba 1993, familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikimbilia Tanzania. Watoto walizaliwa huko na kusoma huko, wengine katika kambi kama Mtabila, iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Waliporudi walikuwa na vyeti vya kliniki na vya shule vilivyoandikwa kwa mazoea ya Tanzania.

Majina tuliyoyataja ni mepesi kupotea katika safari ya namna hiyo. Natacha akisomwa na mwalimu wa Kigoma atatamkwa kwa *ch* ya chai, kisha mwalimu akisikia matamshi ya nyumbani ataandika Natasha. Nadège akiandikwa bila alama zake huwa Nadege, na Mswahili asiyejua Kifaransa atalisoma kwa *g* ya ndege. Mwingine ataliandika Nadeje ili lisomeke sawa. Nadia linaweza kuandikwa Nadya au Nadhia. Masikioni ni mtu mmoja. Kwenye karatasi ni watu wawili, na karani hana wajibu wa kukisia. Msichana anaweza kukwama anapotaka kuendelea na masomo, kuomba hati ya kusafiria, au kuthibitisha kwamba yeye ndiye binti wa marehemu aliyeacha shamba la mawese.

Sheria ya Watu na Familia ya Burundi ya mwaka 1993 inamtaka mzazi kuandikisha kizazi katika ofisi ya hali ya raia. Siku hiyo ndiyo ya kuwa makini. Ni busara mzazi aende na jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, aombe kusomewa kilichoandikwa kitabuni kabla ya kutia sahihi au dole gumba, kisha atumie tahajia hiyohiyo katika kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo na kitabu cha shule. Iwapo karatasi za zamani zinatofautiana na za sasa, ni heri kutafuta marekebisho mapema, mtoto akiwa bado shuleni, kuliko kungoja siku ya mtihani au ya mirathi.

Tahajia ipi ni sahihi? Katika lugha ya Kirusi yenyewe jina hili huandikwa kwa alfabeti nyingine kabisa, na kwa Kiarabu vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna herufi za Kilatini zinazoweza kudai kwamba ndizo za asili. Tahajia iliyo sahihi kwa mtoto ni ile iliyoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa.

Bibi wa Rumonge anayeuliza mjukuu wake amepewa jina la nani ana haki ya kujibiwa. Kama ni Nadia wa Kiarabu, aambiwe kwamba ni mwenye kuita, au ni umande. Kama ni Nadège au Nadine, aambiwe kwamba ni tumaini, lilelile ambalo yeye mwenyewe, kwa Kirundi chake, amekuwa akiliita *icizigiro*.